Linus alikosea leseni mara ya kwanza. Sisi je?

Mwezi uliopita nilikosana na rafiki zangu wawili juu ya faili moja ambayo haina hata mstari wa programu ndani yake. Faili ya leseni.

Wacha niwape picha. Tuko watatu. Tangu mwaka jana tumekuwa tukiandika mfumo endeshi wetu mdogo kutoka sifuri. Usifikirie ni Windows ya Wakenya, tulia bana. Unauweka kwa fleshi, unawasha nayo laptopu ya zamani, unakuletea skrini nyeusi, unasoma kibodi, unafungua faili, basi. Tuliuandika ili tujifunze. Halafu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaanza kuuomba, tukauweka mtandaoni. Kisha siku moja akaja msee anayeunda vifaa vya kurekodi mauzo ya duka, akauliza swali dogo tu: "Naweza kutumia hii kitu yenu? Iko na leseni gani?"

Kimya. Hatukuwa na leseni yoyote.

Jioni hiyo kila mtu akaja na yake. Rafiki wa kwanza akasema tuandike wazi kwamba ni marufuku kuuza, hatukukesha usiku ili mtu mwingine apate doo. Rafiki wa pili akasema wacheni uchoyo, tuandike "chukua, tumia, taja majina yetu" tumalizane. Mimi nilikuwa na kidonda changu. Nikiwa nimetoka tu sekondari, niliandikia mtu mmoja programu ya kurekodi karo, nikamwachia msimbo wote kwa uaminifu. Msimbo, kwa wale hawajawahi kuuona, ni yale maandishi ya mwandishi wa programu kabla hayajageuzwa kuwa kitu cha kubonyeza. Miezi kadhaa baadaye nikaiona ile programu kwa ofisi nyingine kabisa. Jina langu limefutwa, msimbo umefichwa, na mimi niliyeiandika siwezi hata kuchungulia ndani. Kwa hivyo mimi nilitaka leseni yenye meno.

Tulibishana mpaka saa saba usiku. Kesho yake, badala ya kuendelea kutukanana, nikaingia kwa historia. Na nikagundua kwamba kila moja ya misimamo yetu mitatu imeshawahi kujaribiwa na watu halisi, na wewe unayesoma hapa una matokeo yake mfukoni sasa hivi.

Bila leseni si bure

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wengi wetu tunadhani ukiweka msimbo mtandaoni bila leseni, umeutoa kwa umma. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, sawa na kitabu. Ukishaiandika tu, haki ni zako. Huhitaji kupigiwa muhuri mahali ndio ziwe zako. Nchi nyingine nyingi ziko hivyo hivyo.

Maana yake ni kwamba mtu akikuta msimbo wako bila leseni, hana ruhusa ya kuunakili, kuubadilisha wala kuusambaza. Yule msee wa vifaa vya duka aliuliza kwa sababu ni mwaminifu. Mwizi haulizi. Kwa hiyo kimya chetu kilikuwa kinamfungia nje mtu mzuri na kumwachia mlango mtu mbaya. Wazee walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Leseni ndiyo daftari lenyewe.

Sasa turudi kwa rafiki wa kwanza, yule wa "marufuku kuuza". Kuna mtu mmoja maarufu sana alianza na msimamo huo huo.

Helsinki, 1991

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mwenye miaka 21. Mwanzoni mwa 1991 alinunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386. Alitaka kuendesha juu yake kitu kinachofanana na Unix, ule mfumo uliozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Lakini Unix halisi ilikuwa ghali, si kitu cha mwanafunzi.

Kilichopatikana kilikuwa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia ulioandikwa na profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam na kutolewa mwaka 1987. Minix ilikuja na msimbo wake, ungeweza kuusoma wote. Shida ilikuwa leseni. Ilikuwa inauzwa kupitia mchapishaji wa kitabu cha Tanenbaum, na ukiiboresha hukuruhusiwa kusambaza Minix yako iliyoboreshwa. Watu walisambaziana viraka tu, halafu kila mtu ajishonee nyumbani kwake.

Kijana akaamua kuandika yake. Tarehe 25 Agosti 1991 akawatangazia watumiaji wa Minix kwamba anaunda mfumo wa bure, wa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Toleo la 0.01 likatoka Septemba, mistari ya msimbo kama 10,000.

Sasa sikia masharti aliyoyaandika. Msimbo wote lazima upatikane. Notisi za hakimiliki zisiguswe. Na la tatu: hakuna kutoza pesa kuisambaza, hata gharama ndogo ya kushughulikia. Watu wakimuuliza wamlipe vipi, alikuwa anawaambia wamtumie postikadi.

Ona basi, ni rafiki yangu wa kwanza kabisa huyu! Na hoja yake ilikuwa ya haki: mimi nimetoa bure, wewe usiuze.

Tatizo likaja haraka. Wakati huo intaneti haikuwa ya kila mtu. Watu wengi wangeipata Linux kwa njia moja tu, mtu akuchomee kwenye diski za flopi akupe kwenye mkutano wa wapenzi wa kompyuta. Diski zinanunuliwa. Muda wa kunakili ni muda. Wale waliotaka kueneza Linux walikuwa wanaomba warudishiwe gharama tu, na leseni inawaambia hapana. Sharti lililowekwa kuzuia mabepari likawa linamzuia mtu aliyebeba flopi ishirini kwa begi.

Kwa nini likanigusa hilo? Kwa sababu nilikulia mtaa ambao hakuna mtu alikuwa anapakua kitu kwake nyumbani. Ulikuwa unaenda saiba na fleshi, unaacha shilingi hamsini, unawekewa programu. Bila yule mtu wa saiba, mimi nisingekuwa naandika hapa. Leseni ya "marufuku kuuza" ingemgeuza yeye kuwa mhalifu.

Linus akakubali kwamba amekosea. Januari 1992, akitoa toleo la 0.12, alitangaza kuwa kuanzia tarehe 1 Februari Linux itahamia leseni ya GPL. Miaka ya baadaye alisema kuhamia GPL ndiyo hatua bora aliyowahi kufanya.

Printa iliyozaa leseni

GPL yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtu aliyenyimwa.

Richard Stallman alikuwa mwandishi wa programu kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani. Karibu mwaka 1980 maabara ilipewa printa mpya ya leza kutoka Xerox. Ilikuwa inakwama. Printa ya zamani Stallman alikuwa ameshabadilisha programu yake, ili karatasi ikikwama watu wapate ujumbe kwenye kompyuta zao. Hii mpya ilikuja bila msimbo. Akamtafuta mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akamwomba. Yule akakataa, kwa sababu alikuwa ametia saini ahadi ya siri.

Wengi wetu tungelaani tuendelee na maisha. Stallman alitangaza Septemba 1983 kwamba ataunda mfumo mzima endeshi ulio huru, akauita GNU. Januari 1984 akaacha kazi MIT. Mwaka 1989 ikatoka GPL toleo la kwanza, na Juni 1991 toleo la pili, miezi michache kabla ya Linux kuzaliwa.

Ujanja wa GPL ni huu. Inakuruhusu kutumia programu, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Inakuruhusu hata kuiuza, kwa bei yoyote utakayo. Lakini ukimpa au ukimuuzia mtu mwingine, lazima umpe na msimbo, pamoja na mabadiliko yako, chini ya leseni ile ile. Ukiitumia mwenyewe nyumbani au kwenye seva zako, hudaiwi kitu.

Nilisoma hapo mara mbili. GPL haina shida na pesa kabisa. Kampuni ya Red Hat iliuza huduma za Linux miaka mingi, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa dola bilioni 34. Kinachokatazwa ni kufunga mlango nyuma yako baada ya wewe kuingia. Rafiki wa kwanza alikuwa anaogopa mtu atakula. GPL inauliza swali tofauti: akishakula, sufuria itabaki wazi kwa wengine?

Je, meno yanauma?

Rafiki wa pili alinicheka hapo. Akasema hiyo ni karatasi tu, nani atashtaki kampuni kubwa?

Nikamwonyesha kisa cha ruta. Mwaka 2003 Cisco ilinunua Linksys, kampuni iliyokuwa inauza ruta ya WiFi ya nyumbani iitwayo WRT54G. Watu wadadisi wakaifungua programu yake na kukuta Linux ndani. Kama Linux imo, na ruta inauzwa, basi msimbo unadaiwa. Baada ya presha nyingi, msimbo ukatolewa mwaka huo huo. Mwaka uliofuata watu wa kujitolea wakaujengea mradi wa OpenWrt, ambao leo unaendesha ruta za aina nyingi sana, zikiwemo zile ambazo kampuni zilizoziunda zimeshazisahau. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, nayo ikaitambua GPL kama masharti yanayofungamana kisheria. Na Desemba 2008 taasisi ya Stallman ikashtaki Cisco kwa madai kama hayo. Walipatana mwaka uliofuata.

Fikiria basi. Ruta iliyotupwa inafufuliwa kwa sababu ya sentensi kadhaa alizozichagua mwanafunzi wa Helsinki miaka kumi na kidogo nyuma.

Upande wa "chukua tu"

Lakini sitaki mseme nimependelea. Rafiki wa pili naye ana historia yake, na ni nzito.

Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kilikuwa kinaboresha Unix tangu miaka ya sabini. Kilipoanza kutoa sehemu zake chenyewe, leseni yake ilikuwa fupi: fanya utakalo, hata ufunge, uuze, mradi uache notisi ya hakimiliki na usitushtaki ikiharibika. Hiyo ndiyo familia ya BSD. Leseni ya MIT nayo ni ndugu yake.

Juni 1991, kabla Linux haijatangazwa, Berkeley ilitoa mfumo karibu mzima, uliokosa faili 6 tu. Yaani BSD ndiyo ilikuwa mbele. Linus mwenyewe amewahi kusema kwamba kama BSD ya 386 ingekuwepo alipoanza, huenda asingeandika Linux.

Kilichotokea ni kesi. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix ilimshtaki muuzaji mmoja wa BSD, kisha chuo kikaingia. Kesi ilikwisha mwanzoni mwa 1994 kwa mapatano: kati ya faili kama 18,000, faili 3 zikaondolewa na kama 70 zikaongezewa notisi. Faili tatu! Lakini kwa miaka miwili hiyo, kampuni nyingi ziliogopa kugusa BSD, na Linux ikapita ikikimbia. Machi 1994 Linux ikatoa toleo la 1.0.

Kwa hivyo hatuwezi kusema GPL ilishinda kwa wema wake tu. Ilikuwa na bahati pia. Somo nililolichukua hapo ni kuhusu usafi wa asili: kabla hujachagua leseni, hakikisha kila mstari ni wako wa kutoa. Wetu ulikuwa na faili mbili tulizoziokota mahali bila kuandika tulizitoa wapi. Tumezifuta, tumeziandika upya.

BSD haikufa lakini. Msingi wa mfumo wa Mac na iPhone una sehemu kubwa za BSD. PlayStation 4 iliyo sebuleni kwa binamu yako imejengwa juu ya FreeBSD. Na WhatsApp, ndiyo, hiyo hiyo tuliyokuwa tunatukanania, ilikua juu ya seva za FreeBSD. Mwaka 2014 Jan Koum, mmoja wa waanzilishi wake, aliipa taasisi ya FreeBSD dola milioni 1. Hakuna leseni iliyomlazimisha. Alishukuru kwa hiari yake.

Rafiki wa pili alipoona hapo akaniandikia: "Si nilikwambia!"

Nikamtumia kisa kingine. Mnamkumbuka Tanenbaum, profesa wa Minix? Mwaka 2000 aliihamishia Minix kwenye leseni ya BSD. Miaka ikapita. Wahandisi wa Intel wakawa wanamwandikia, wanauliza maswali, wanaomba mabadiliko. Kisha wakanyamaza. Mwaka 2017 akasoma kwenye habari kwamba Minix inaendesha kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya chipu za Intel, ile ya kusimamia mashine hata wewe ukiwa hujui. Yaani mfumo wake umo ndani ya kompyuta nyingi mno duniani, na yeye hakuambiwa.

Aliwaandikia Intel barua ya wazi. Hakulia kuhusu pesa, na alikubali kwamba leseni yake haikuwadai chochote. Alisema tu kwamba ingekuwa adabu kumwambia. Baadaye akaongeza kuwa kama angeshuku ni chombo cha kupeleleza watu, asingewasaidia. Intel wenyewe wanasema ni chombo cha usimamizi na usalama. Lakini wewe mwenye laptopu ukitaka kuhakikisha, huwezi kuudai msimbo walioubadilisha. Leseni ilishatoa ruhusa.

Koum na Intel walitumia leseni ya aina moja. Mmoja alirudi na shukrani, mwingine hakupiga hata simu. BSD inakuachia kwenye mkono wa tabia ya mtu. Kama unaweza kuishi na hilo, ichague ukiwa na amani. Mimi, kwa kidonda changu cha programu ya karo, nilijua siwezi.

Simu yako imechagua zote mbili

Sasa toa simu yako. Kama ni Android, ndani yake kuna kerneli ya Linux, yaani kiini kinachogawa kumbukumbu, betri, kamera na kila kitu. Hicho kiko chini ya GPL. Anayekuuzia simu anadaiwa msimbo wa kiini hicho, na ndiyo maana kuna wasee wanaopea simu za zamani matoleo mapya wakati kampuni imeshazisusa.

Juu ya kiini, sehemu kubwa ya Android Google waliiweka chini ya leseni ya Apache, jamaa ya BSD. Kampuni ya simu inaweza kuvisha Android nguo zake na kuficha mshono. Juu kabisa kuna programu za Google kama duka lao la Play, ambazo zimefungwa. Mwaka 2019 Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo, simu zake mpya zilipoteza zile za juu zilizofungwa. Zile za chini zilizo wazi hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Watu walilalamika kwamba simu haina Play Store, lakini waliouona mpaka wa leseni kwa macho yao ni wachache.

Na programu ya benki yako je, mbona haijalazimika kufunguliwa? Kwa sababu Linus aliweka maelezo mapema kwamba programu inayoomba tu huduma kwa kerneli haihesabiwi kuwa sehemu ya kerneli. Maelezo mafupi tu. Bila hayo, wafanyabiashara wengi wangeikimbia Linux.

Kuna mlango GPL ya pili haukuuziba. TiVo, kifaa cha kurekodi televisheni, kilitoa msimbo wa Linux kama inavyodaiwa, lakini kikakataa kuwaka ukiweka toleo ulilobadilisha mwenyewe. Stallman akaleta GPL ya tatu Juni 2007 kuzuia hilo. Linus akakataa kuhama. Kwake yeye, nipe msimbo, mashine ni yako. Na hata angetaka kuhama, angehamaje? Kila aliyechangia Linux anabaki na hakimiliki ya kipande chake, na ni maelfu kwa maelfu. Wengine wameshafariki. Mwaka 1992 alibadilisha leseni kwa sababu wachangiaji walikuwa wachache kiasi cha kuandikiwa mmoja mmoja. Dirisha hilo limeshafungwa.

Tulichoamua

Hapo ndipo nilipoacha kubishana, nikaenda kuhesabu. Mbali na sisi watatu, ni watu wangapi wameshatuma marekebisho yao kwetu? Wawili, wote wanafunzi. Tukawaandikia kuomba idhini. Wa kwanza alijibu ndani ya dakika tano. Wa pili alichukua siku nne kwa sababu hakuwa na bando. Siku nne kwa mtu mmoja. Tungengoja wawe hamsini, mmoja amepoteza simu, mwingine ameenda ng'ambo, mwingine hatusemezani tena, tungefanyaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tukapiga kura. Kerneli yetu imeingia GPL, toleo la 2 au lolote la baadaye, ili tusijifungie kama Linus. Mifano midogo ya kufundishia tumeiweka chini ya MIT, mwanafunzi aichukue bila kuuliza mtu. Rafiki wa kwanza alikubali alipoelewa kwamba kuuza si adui wetu. Wa pili alipiga kura ya hapana, na bado ni hapana.

Na ana sababu. Nilimjibu yule msee wa vifaa vya duka, nikamweleza vizuri: tumia, uza, lakini ukibadilisha kerneli yetu, unayemuuzia ana haki ya msimbo wake. Alisema asante, atafikiria. Hajarudi. Huenda ameenda kwa kitu chenye leseni laini. Huo ndio mteja wetu wa kwanza tuliyewahi kukaribia kuwa naye, na nimempoteza mimi.

Bado nadhani tulifanya sawa. Lakini sitawadanganya kwamba haikuuma.

Kwa hivyo wewe mwenye mradi umelala mtandaoni bila daftari, iwe mfumo, iwe programu ya chama cha mama yako, usiulize kwanza leseni gani ni maarufu. Jiulize unaogopa nini zaidi: mtu akuchukulie kazi aifunge, au mtu aogope kuichukua kabisa? Ukishajua, fungua faili, andika mwaka, andika jina lako, weka leseni. Fanya leo, kabla wachangiaji wako hawajazidi wale unaoweza kuwapigia simu.

Sisi yetu iko pale juu kabisa ya orodha ya faili. Jana usiku mwanafunzi mmoja alituma marekebisho ya kibodi, mistari kumi na moja. Rafiki wa pili ndiye aliyeyapokea. Hakusema kitu kuhusu leseni, na mimi sikumuuliza.